Tumlee Kijana Aliyetushinda

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na walezi wa vijana wa makanisa, yaliyofanyika katika kituo cha kisomo cha kijiji. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



  Tunajua kwamba huu ni wakati wa palizi, na magugu hayangoji mkutano. Kwa hiyo hatutasema mengi.

Mlituandikia barua. Tulifurahi kuona kwamba barua hiyo iliandikwa na mama aliyemaliza kisomo mwaka juzi tu, kwa mkono wake mwenyewe. Mlisema mnataka tuzungumze juu ya vijana "walioshindikana." Mliwataja wavuta bangi, wacheza dubwi, wasichana waliopata mimba, na wale wanaokaa tu kijiweni wamenuna, hawasemi na mtu. Mkauliza: "Je, tuwatenge na kanisa, au tuwafanyeje?"

Tutawajibu kwa kisa. Ni kisa chetu wenyewe, na hatujivunii.

BETRI YA KWAYA

Kabla ya kuhamishiwa huku tulikuwa tukifanya kazi katika wilaya nyingine. Mchana tulikagua madarasa ya kisomo, jioni tulisaidia kulea vijana wa kanisa. Tulikuwa walezi wanne.

Palikuwa na kijana wa miaka 16, mpiga kinanda wa kwaya. Hakufundishwa na mtu. Aliangalia tu vidole vya mwenzake mpaka akaweza. Shule aliiacha kidato cha pili. Alikuwa mpole, lakini miezi ya mwisho alibadilika. Alikuja mazoezini amechelewa, macho mekundu, nguo chafu. Ukimwuliza neno, anakujibu kwa mkato. Mara mbili alisinzia kwenye kinanda. Tukasema, "Huyu ameanza bangi." Nani alichunguza? Hakuna. Tulisema tu, na kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinasema.

Siku moja betri ya sola iliyokuwa ikiendesha spika za kwaya ilipotea stoo. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo alikuwa nao yeye, maana ndiye aliyekuwa akitoa kinanda siku za mazoezi. Tukamwita. Hakubisha. Akasema, "Nimeiuza." Tukamwuliza, umemwuzia nani? Akanyamaza.

Basi tukakaa kikao. Uamuzi ukawa asimame mbele ya usharika siku ya Jumapili, akiri kosa lake, kisha atolewe kwaya kwa mwaka mmoja. Mama mmoja katika sisi alisema, "Jamani, tungoje kwanza. Tumwendee nyumbani." Tukamjibu kwamba wezi wakibembelezwa huongezeka. Maneno hayo tuliyasema sisi tunaozungumza nanyi leo, na tunayakumbuka vizuri.

Jumapili kijana akasimama mbele. Mama yake alikuwa ameketi benchi la tatu, amejifunika uso kwa kanga. Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba ameiba. Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Sema kwa nguvu!" Watoto wakacheka. Akasema tena. Kisha akatokea mlango wa pembeni, na hatukumwona tena kwa miezi minane. Alidandia lori la vitunguu akaenda mjini.

Ndipo habari zikaanza kutufikia, mojamoja. Baba yake wa kambo alikuwa amemfukuza nyumbani tangu wakati wa mavuno. Usiku alikuwa akilala katika stoo ya kwaya, juu ya magunia. Ndiyo maana ufunguo haukumtoka shingoni. Siku nyingine alikuwa akilinda tanuri la matofali usiku kucha kwa malipo kidogo. Macho yale mekundu yalikuwa ya moshi na ya kukosa usingizi. Na fedha za betri? Nusu alimnunulia mdogo wake wa kike sare na madaftari. Nusu nyingine, tuseme kweli, ilimezwa na dubwi kwa siku mbili. Hatutaki kumfanya malaika. Aliiba mali ya watu.

Lakini oneni tulivyofanya. Tulimwuliza betri iko wapi. Hatukumwuliza analala wapi.

AIBU

Kinachotuumiza zaidi ni kwamba sisi ni watu wa kisomo. Tulijua.

Nyinyi mliopitia darasani mnakumbuka siku ya kwanza. Mzee wa miaka 60 anaingia, anakaa nyuma karibu na mlango ili aweze kutoka upesi. Anashika kalamu kama anayeshika mpini wa jembe. Mwalimu anaandika "baba," yeye anasoma "bata." Je, mwalimu anacheka? Thubutu! Chuoni tuliambiwa tangu wiki ya kwanza: mtu mzima ukimwaibisha mara moja, harudi. Atasema ana kazi shambani, atasema mgongo unamwuma. Ukweli ni kwamba umemwaibisha. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kazi haikuwa kujenga madarasa tu. Kazi kubwa ilikuwa kuwatoa watu wazima aibu ya kukaa chini na kujifunza herufi.

Sasa kijana wa miaka 15 au 17 ana aibu kuliko mzee. Mwili wake unabadilika, sauti inakatika, chunusi zinatoka. Anataka aonekane mtu mzima na bado ni mtoto. Anafikiri kila jicho linamtazama yeye. Ukimsimamisha mbele ya watu 200 umemwaibisha mara 200. Ila yeye hasemi mgongo unamwuma. Anadandia lori.

PADRE WA TURIN

Tulipokuwa tunatafuta jinsi ya kufanya, tulisoma habari za padre mmoja wa Italia, Yohane Bosco, ambaye wengi humwita Don Bosco. Walutheri na Waanglikana mliopo hapa msitununie. Mtu aliyejua kulima tunamwiga hata kama shamba lake liko ng'ambo ya mto.

Bosco alizaliwa mwaka 1815 kijijini, karibu na mji wa Turin. Baba yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake, Margherita, mwanamke mkulima. Alipata upadre mwaka 1841. Wakati huo Turin ilikuwa inakua. Vijana wa vijijini waliijaa kutafuta kazi: kubeba mawe ya ujenzi, kusafisha mabomba ya moshi. Hawakuwa na ndugu wala mahali pa kulala. Wengi waliishia gerezani. Bosco aliwatembelea huko gerezani, akaona jambo moja ambalo sisi pia tunaliona hapa kwetu: kijana anafunguliwa, anatoka, na baada ya muda mfupi amerudi, kwa sababu huko nje hakuna anayemngoja.

Mwenyewe ameandika jinsi kazi yake ilivyoanza. Ilikuwa tarehe 8 Desemba 1841. Alikuwa anajitayarisha kusali misa. Kijana mmoja, fundi mwashi, yatima, aliingia katika chumba cha kuvalia mavazi ya misa. Mtunza kanisa akamwambia amtumikie padre. Kijana akasema hajui. Mtunza kanisa akamchapa kwa mpini wa kitu cha kufutia vumbi, akamfukuza. Bosco akauliza, kwa nini unampiga? Yule ni rafiki yangu! Akaagiza arudishwe. Kijana akarudi anatetemeka. Misa ilipokwisha, Bosco akamwuliza maswali: jina, kwao, wazazi. Anajua kusoma? Hajui. Anakwenda kwenye mafundisho ya dini? Kijana akajibu kwamba anaona aibu, kwa kuwa watoto wadogo wanajua na yeye mkubwa hajui kitu.

Mmesikia? Ni aibu ile ile ya mzee wetu wa benchi la nyuma. Bosco akamwahidi kumfundisha peke yake, wakaanza siku ile ile. Jumapili iliyofuata kijana akaja na wenzake.

Tusidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa matamu. Mwaka 1847 Bosco na mama yake waliwalaza vijana wasio na makao juu ya nyasi kavu, wakawapa mablanketi. Asubuhi vijana hawapo, mablanketi hayapo, na nyasi pia zimeuzwa. Sisi tuliposoma hapo tulicheka, kisha tukakumbuka betri.

Alifanyaje? Haukupita muda, usiku mmoja wa mvua, akaja kijana mwingine, ameloa, ana njaa. Mama Margherita akasita. Akauliza, akituibia masufuria je? Lakini wakamwingiza jikoni, wakampa chakula, mama akamtengenezea kitanda kwa matofali na mbao. Kisha wakafunga mlango kwa ufunguo mpaka asubuhi. Sisi tunaupenda sana ufunguo huo. Wema si kuwa mjinga. Unaweza kumpokea kijana na bado ukafunga masufuria yako. Kumwacha kijana mwenye tamaa ya kamari peke yake na fedha za sadaka si kumpenda, ni kumtegea.

Jambo jingine. Bosco hakuishia kwenye sala na mpira. Aliwatafutia vijana kazi kwa mafundi, na aliandika mikataba. Katika mkataba wa mwaka 1852 na fundi seremala, fundi aliahidi kumfundisha kijana ufundi, na kumrekebisha kwa maneno tu, si kwa kipigo. Tazameni busara hiyo! Hapa kwetu kijana anakaa gereji miaka mitatu anafua nguo za fundi na kumnunulia sigara, na hakuna karatasi. Je, sisi walezi hatuwezi kwenda watatu kwa fundi, tukakubaliana kwa maandishi? Kusoma na kuandika tumejifunzia nini?

Bosco alikufa mwaka 1888. Wafuasi wake, Wasalesiani, waliingia Tanzania mwaka 1980, na shule zao za ufundi zipo. Yaishie hapo hayo ya Italia.

KAKA MKUBWA

Habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15, tunaihubiri kila mwaka. Mara nyingi tunamhubiri yule aliyekula mali na kulisha nguruwe. Lakini somo lile lina mtu mwingine, kaka mkubwa. Hakuiba. Alifanya kazi kila siku. Ndugu yake aliporudi, yeye alikasirika akakataa kuingia ndani. Sisi walezi, wazee wa kanisa, wanakwaya wa siku zote, tujipime hapo. Na baba je? Kitabu kinasema alimwona mwanawe angali mbali. Basi macho ya baba yalikuwa njiani. Sisi macho yetu yalikuwa kwenye kufuli la stoo.

KUZUNGUMZA NA KIJANA

Mmetuuliza njia. Tutasema tuliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Usimwite kijana ofisini ukamkalisha mbele ya meza yenye wazee watano. Huko hapati la kusema ila "ndiyo" na "hapana." Vijana huzungumza mikono ikiwa inafanya kazi. Mkiwa mnapukuchua mahindi, mnatengeneza viti, mnatembea kwenda mnadani, maneno hutoka yenyewe. Wewe ukae kimya. Kukaa kimya ni kazi ngumu kwetu sisi watu wa chaki, maana tumezoea kueleza. Akisema jambo la kukushtua, usiseme "Mungu wangu!" Sema tu, "Ehe, halafu?" Na usiwahi mawaidha. Kijana akikuambia analala njaa, ukamjibu kwa mstari wa maandiko kabla hujampa ugali, kesho hatakuambia kitu.

Mzungumze mahali panapoonekana. Chini ya mwembe, barazani, ukumbini mlango ukiwa wazi. Watu wasisikie maneno, lakini wawaone. Hii ni kinga ya kijana na ni kinga yako. Mlezi mwanamume asimchukue msichana peke yake kwenye pikipiki usiku eti kwa sababu wamechelewa maombi. Mlezi anayekasirika akiambiwa hivyo, tumwangalie vizuri.

SIRI NA ISIYO SIRI

Hapa tuwe waangalifu sana. Kijana atakuambia, "Mwalimu, nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu." Usiapishwe! Mwambie mapema: "Nitatunza siri zako. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, sitanyamaza. Tutatafuta msaada pamoja." Mengine ni yako na yake. Tena usiyageuze kuwa ombi la Jumatano, "tumwombee kijana fulani ambaye…" Huo ni umbea uliovaa kanzu.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria hiyo inasema mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali hapo. Yaani ni wajibu. Si hiari, si huruma. Mtoto akipigwa mpaka anaumia, akinajisiwa, akifukuzwa nyumbani, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mtendaji, kwa afisa ustawi wa jamii. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Tena iko Simu ya Mtoto, namba 116, unapiga bure. Iandikeni namba hiyo ukutani, kwa chaki kubwa: 116. Mtoto ambaye hana wa kumwambia kijijini anaweza kupiga mwenyewe.

Na kama mkosaji ni mtu wa kanisa? Mmenyamaza. Tutalisema hata hivyo. Awe mzee wa kanisa, awe mwalimu wa kwaya, awe mmoja wetu sisi walezi, hakuna kumalizana nyumbani kwa mbuzi na shilingi laki mbili. Yapo makanisa yaliyoficha jambo kama hilo ili jina la Mungu lisitukanwe, na mkosaji akahamishiwa kwa watoto wengine. Aliyeumizwa aende hospitali mapema, kabla ya kuoga na kabla ya kubadili nguo, maana huko kuna dawa za kumkinga na UKIMWI, nazo zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72.

ANAPOSEMA AMECHOKA KUISHI

Kijana mwingine hasumbui mtu. Ameacha kucheza mpira, hali, anagawa vitu vyake. Siku moja anasema, "Afadhali nisingezaliwa." Sisi hujibu, "Acha maneno mabaya, unamkufuru Mungu." Akanyamaza. Tumemfunga mdomo, hatujamponya.

Mwulize waziwazi, kwa upole: "Je, unafikiri kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Sivyo. Waganga wa maradhi ya akili wanasema kuuliza hakumpandishi mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa za kunyunyizia mimea, maana vijijini sumu hiyo ndiyo iliyo karibu. Mpelekeni hospitali. Mwombeeni, ndiyo, mkiwa njiani kwenda hospitali. Vivyo hivyo mwenye kifafa, na anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kumfunga kamba na kumkemea usiku kucha kwa kudhani ni mapepo kumewaumiza vijana wengi waliohitaji vidonge. Maombi na vidonge havigombani.

WASICHANA

Mlitaja wasichana waliopata mimba. Tunawauliza ninyi: msichana ametolewa kwaya, je, mvulana aliyempa mimba ametolewa? Juzi tulimsikia anaimba besi! Na mara nyingi mwenye mimba si wa mvulana. Ni wa mtu mzima, mwenye mke, anayetoa sadaka nzuri. Huyo sheria ina habari naye.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatiza shule kwa sababu ya kujifungua warudi katika shule za kawaida. Wazazi wengi vijijini hawajui. Wengine wanajua lakini wanaogopa macho ya watu. Mlezi amsindikize mama na binti mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Binti asiyetaka kurudi darasa lile lile, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari kwa njia nyingine. Njooni ofisini kwetu tuwaelekeze. Hiyo ndiyo kazi yetu.

JUU YA YULE KIJANA

Mnataka kujua aliishia wapi. Kijana mmoja wa bodaboda alimwona stendi ya mjini, anabeba mizigo ya abiria. Yule mama aliyesema tungoje, ambaye hatukumsikiliza, ndiye aliyesema twende. Tulikwenda sisi wawili. Kijana alipotuona alitaka kukimbia. Mama akamwambia, "Hatukuja kwa ajili ya betri. Umekula?" Tukala chipsi chini ya mti. Hakusema maneno kumi. Tulimpa namba ya simu tukarudi. Njiani tulisema nauli yetu imepotea bure.

Mara ya pili alizungumza kidogo. Mara ya tatu tulimwomba radhi, sisi tuliosema wezi wakibembelezwa huongezeka. Si rahisi mtu wa ofisi kumwomba radhi mbeba mizigo mwenye miaka 17, stendi, makonda wanatazama. Alitazama chini muda mrefu. Akasema, "Mama yangu alikuwa anaangalia." Basi. Hakusema amesamehe, na sisi hatukumdai aseme.

Hakurudi kwa baba wa kambo, nasi hatukumshauri arudi. Afisa ustawi wa jamii alizungumza na familia, akapokewa kwa bibi yake mzaa mama. Fundi baiskeli mmoja alikubali kumfundisha, na tuliandikiana mkataba, ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo mhitimu yeyote wa kisomo angeweza kuyasoma. Dubwi hajaliacha kabisa. Mwezi mmoja anakaa vizuri, mwezi mwingine anapoteza malipo ya wiki. Kwa hiyo fundi na yeye walikubaliana kwamba fedha zake azishike bibi. Mnaukumbuka ule ufunguo wa jiko?

Kanisani hajarudi. Mchungaji alipotaka kumpelekea barua ya kumwalika akatubu ili arudishwe kundini, tulimwomba angoje. Mchungaji aliuliza, angoje mpaka lini? Hatukuwa na jibu, na leo pia hatuna. Yule mama hazungumzi naye habari za kanisa. Anampelekea baiskeli yake tu. Kila wiki mbili inapata pancha. Mume wake alituambia kwamba baiskeli ile inapata pancha kuliko baiskeli yoyote wilayani, na kwamba amewahi kumkuta mke wake uani anatoa upepo.

Tulimpigia simu kijana kumwomba ruhusa ya kusimulia mambo haya kwenu. Alifikiri kidogo. Akasema, "Semeni, lakini msitaje jina langu wala kijiji. Na mseme pia kwamba deni la betri nimebakiza shilingi elfu 40 tu."